Mambo tunayokosea kuhusu michezo midogo ya kila siku

Michezo mingi ya nyumbani haifi kwa sababu wenyewe hawana muda au hawana ucheshi. Inakufa kwa kasoro ndogo tu: kitu kimerushwa mbele badala ya juu, maji ya sabuni yamekorogwa yakawa povu tupu, fumbo limekuwa gumu mno. Kasoro hizo zinarekebishika. Kinachowazuia watu wasifike hata hapo ni imani kama hizi.

Dhana: Mtu mzima ameshachelewa, mikono imekwisha kukakamaa

Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliopiga picha ubongo wa watu wazima waliokuwa wakijifunza kurusha na kudaka mipira mitatu mfululizo. Baada ya miezi 3, sehemu za ubongo zinazofuatilia kitu kinachokwenda zilikuwa zimeongezeka kidogo. Walipoacha mazoezi kwa miezi mingine 3, ongezeko lenyewe likapungua. Kwa hiyo mtu mzima anajifunza, ila asipofanya mazoezi hupoteza.

Ukitaka kujaribu, shona vifuko vitatu vya kitambaa vyenye punje kavu, kila kimoja gramu 100 hivi, au viringisha soksi nene. Mpira unaodunda utakushindisha ukiufukuza chini ya kochi. Simama ukielekea kitanda, ili kikianguka usiiname hadi sakafuni.

Anza na kimoja, kitoke mkono huu kwenda ule, kilele chake kikiwa usawa wa macho. Kisha viwili: rusha cha kwanza, na kinapofika kileleni ndipo urushe cha pili kipite chini yake. Hapa karibu kila mtu hukwama. Mkono wa pili haurushi, unakabidhi: unakisukuma kifuko pembeni moja kwa moja mpaka kwenye mkono mwenzake. Dawa ni kuhesabu kwa sauti, "rusha, rusha, daka, daka", na kuanza kwa zamu, mara kwa mkono wa kulia, mara kwa wa kushoto. Vikiwa vitatu, mkono ulioshika viwili ndio unaoanza.

Siku za kwanza usihangaike kudaka. Viache vianguke, kisha tazama vimeangukia wapi. Vikiangukia mbali mbele yako, unarusha mbele bila kujua. Simama hatua moja kutoka ukutani na ukuta wenyewe utakukosoa. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa nzima siku ya mapumziko, maana mikono ikichoka hurudia makosa yaleyale.

Dhana: Sabuni ikizidi, viputo vinakuwa vikubwa

La, sabuni ikizidi unapata povu. Kazi ya sabuni ni kupunguza mvutano wa uso wa maji ili utando mwembamba uweze kutanuka bila kukatika, na kwa hilo kiasi kidogo kinatosha. Chukua lita 1 ya maji ya vuguvugu, yeyusha vijiko 2 vya chakula vya sukari, kisha mimina taratibu mililita 100 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Zungusha kijiko polepole, usipige. Mchanganyiko ukiulaza usiku mmoja huwa bora. Sukari, au gliserini ukiwa nayo, huchelewesha maji kukauka. Kiputo hupasuka upesi utando wake unapokauka.

Kwa viputo vikubwa, funga uzi wa pamba kwenye vijiti viwili: kipande cha juu sentimita 40, cha chini sentimita 80, katikati ya kile cha chini ukining'iniza nati kama uzito. Uzi wa nailoni haufai kwa sababu haunyonyi maji. Chovya, toa vijiti vikiwa vimefumbana, vitenganishe, rudi nyuma hatua mbili tatu, kisha vifumbe tena ili kiputo kijikate. Kama vinapasuka kabla ya kutoka, angalia povu juu ya ndoo, lichote ulimwage. Jua kali na upepo ni maadui, alfajiri au baada ya mvua ni rafiki. Kisha lowesha kidole kwa maji yaleyale ukipitishe ndani ya kiputo: hakipasuki. Kidole kikavu, kwisha habari.

Dhana: Mchezo ukipangwa unapoteza raha

Jaribu kuficha zawadi nyumbani bila mpango uone. Msako mzuri huandikwa kinyumenyume. Chagua kwanza maficho ya zawadi, andika fumbo linaloelekeza hapo, kisha amua fumbo hilo litafichwa wapi, uendelee hivyo mpaka la kwanza, ambalo unampa mtu mkononi. Mafumbo 6 yanatosha. Nyuma ya kila karatasi weka namba, kwa sababu kuna atakayeinua mto kutafuta la 2 na kuokota la 5. Mtu akikwama dakika 3, mpe msaada. Zaidi ya hapo ni mtihani.

Dhana: Ndege ya karatasi inataka nguvu

Inataka marekebisho. Ikipiga pua chini, kunja ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili juu kwa milimita 2. Ikipanda, ikasita na kuanguka, punguza mkunjo huo au bandika kibanio cha karatasi puani. Ikikata kushoto, inua kidogo ukingo wa nyuma wa bawa la kulia. Rusha kwa upole kwanza, nguvu baadaye.

Dhana: Kumshtua mtu ni kumchekesha

Ni mchezo pale tu naye anapoweza kusema "basi" na wewe ukaacha. Vinginevyo unacheza peke yako.

Dhana: Bila mshindi hakuna utamu

Ushindani unanoga wachezaji wakilingana. Nyumbani hawalingani: yupo mrefu, yupo wa miaka 6, yupo aliyechoka na kazi. Wapeni wote adui mmoja, yaani sakafu. Pulizeni puto, lisijae sana maana likikaza hupaa ovyo na kupasuka, mlipige lisiguse chini huku mkihesabu kwa sauti, na asipige mtu mmoja mara mbili mfululizo. Mkivuka 50 kwa urahisi, wenye nguvu watumie mkono dhaifu, au ongezeni puto la pili. Zimeni feni kwanza. Likipasuka, okoteni vipande papo hapo, kwani mtoto mdogo akivitia mdomoni vinaweza kumkaba. Likigusa sakafu, hesabu inarudi sifuri na aliyeliangusha ndiye anayelirusha upya.