Mashine Haikujui Wewe, Inaijua Rimoti

Sebuleni kwa dada yangu, Busia upande wa Uganda, televisheni ni moja, akaunti ni moja na watu ni saba. Alasiri watoto wanatazama katuni. Saa moja jioni shemeji anarudi kutoka dukani na kutaka filamu ya mapigano. Saa tatu rimoti inahamia kwa shangazi na tamthilia yake, na hapo hakuna wa kumgusa. Jioni moja shemeji aliwasha akakuta ukurasa mzima umejaa nguruwe wadogo na vigari vinavyozungumza. Akanigeukia, maana anajua kazi yangu ni kupanga kurasa za namna hiyo: "Shemeji, hii mashine yenu imekunywa nini leo?"

Mifumo hii inayopendekeza filamu ina misemo mingi inayoizunguka. Hii hapa michache, na majibu yangu.

"Mfumo unanijua." Haukujui. Unajua akaunti hii ilifungua nini, saa ngapi, ikatazama dakika ngapi, na picha zipi zilipitwa bila kubonyezwa. Netflix, kampuni ya filamu mtandaoni, walileta profaili za kila mtu kwenye akaunti moja mwaka 2013, na ni wazo zuri, ila linadai mtu ajitaje kila anapoketi. Kwa dada yangu hakuna anayejitaja. Anayeikuta rimoti anabonyeza kilicho mbele yake, basi. Kwa nyumba kama hiyo, saa ya ukutani inatoa fununu nzuri kuliko jina: kilichotazamwa saa kumi alasiri kisipewe nguvu ya kuamua ukurasa wa saa tatu usiku.

"Aliyeacha katikati hakupenda." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inaonekana ya busara. Mtu ametazama dakika 12 za filamu ya dakika 100, mfumo unaandika: hakuipenda, apunguziwe za aina hiyo. Kumbe token ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, imeisha na nyumba nzima imeingia giza. Au bando limekata. Saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula karibu GB 1, ya HD hadi GB 3, na tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Watu wanatazama kwa mafungu, leo nusu, keshokutwa nusu.

Tofauti huwa inaonekana ukiitafuta. Aliyechoshwa na filamu hubonyeza kitufe cha kurudi, kisha ndani ya sekunde chache anafungua nyingine. Aliyekatikiwa umeme hapotezi filamu tu, anapotea mwenyewe: hakuna kitufe kilichobonyezwa, mawasiliano yamekoma ghafla. Aliyeishiwa bando mara nyingi ametangulia kuonyesha picha inayokwamakwama. Matukio haya matatu yakiwekwa kapu moja, mfumo utajifunza kwamba watu wa vijijini hawapendi filamu ndefu. Na vipande vya matangazo ya filamu vinavyojicheza vyenyewe kabla hujachagua? Vinakula bando la mtu aliyekuwa bado anafikiri. Mimi ningevizima kabisa kwa anayetumia data ya simu.

"Mwenye hesabu kali zaidi ndiye mshindi." Oktoba 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 ubashiri wao wa nyota ambazo mteja ataipa filamu. Walitoa alama zaidi ya milioni 100 zilizowekwa na wateja, na mwaka 2009 timu iliyojiita BellKor's Pragmatic Chaos ikachukua fedha. Mseto mzima wa hesabu ulioshinda haukuwahi kutumika. Wahandisi wa kampuni walieleza mwaka 2012 kwamba nyongeza ya usahihi haikulingana na kazi ya kuuingiza kwenye mfumo. Zaidi ya hapo, biashara yao, iliyokuwa ya kukodisha DVD kwa posta, ilikuwa imegeuka tangu 2007 walipoanza kutiririsha filamu mtandaoni. Anayeagiza DVD kwa posta huchagua kwa makini kwa sababu atasubiri. Anayetiririsha anaonja, anatema, anaonja nyingine. Kubashiri nyota za yule wa kwanza hakukusaidii sana kumpangia huyu wa pili.

"Muulize mtu anapenda nini." Atakujibu anachotamani kuonekana anapenda. Nyota tano kwa filamu ya historia, jioni yote kwa vichekesho. Netflix waliacha nyota mwaka 2017 wakaweka kidole gumba, juu au chini.

"Ukurasa wenye vingi ndio bora." Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt, waliokuwa Netflix, waliandika mwaka 2015 kwamba mteja wa kawaida huanza kukata tamaa baada ya sekunde 60 hadi 90, akiwa amepitia picha 10 hadi 20. Safu ya thelathini inajengwa kwa ajili ya bosi.

"Filamu ni filamu." Nenda penye kibanda cha video chochote Kampala usome ubao wa chaki mlangoni. Jina la filamu lipo, na jina la VJ, msimulizi aliyeitafsiri kwa Kiganda, lipo pia. Kwa Waswahili wa Kenya waliokua na DJ Afro, msimulizi wao wa filamu, hili halihitaji maelezo: filamu ileile ikisimuliwa na VJ Jingo na ikisimuliwa na VJ Junior ni starehe mbili tofauti, na kila moja ina watu wake. Orodha zetu za kidijitali zilijua mwongozaji, mwigizaji, mwaka na nchi. VJ hakuwa na hata safuwima yake. Hivyo mfumo ulihangaika kutafuta kinachounganisha filamu ya Wachina na ya Wahindi alizotazama mtu mmoja, wakati kinachoziunganisha ni sauti.

Kazini kwetu tuligundua hili kwa aibu, tulipofungua kumbukumbu za utafutaji. Watu walikuwa wakiandika jina la VJ, moja kwa moja, na sisi tukiwajibu "hakuna matokeo" huku kazi zake zimejaa ghalani. Sasa VJ ana safuwima yake, na jina lake linakaa kwenye picha ya jalada. Mafaili hutufikia bila maelezo, kwa hiyo kijana mmoja wa timu huketi na vipokea sauti masikioni akiyafungua moja moja. Mara nyingi dakika mbili za mwanzo zinamtosha, maana VJ hapendi usimjue.