Kupe: anavyovizia, na namna ya kujikinga wewe na mbwa wako matembezini

Kupe ni kiumbe mdogo mnyonya damu, wa ukoo mmoja na buibui na nge. Akikomaa ana miguu minane. Hana mabawa, haruki kama kiroboto, wala hadondoki kutoka juu ya miti kama wengi wanavyoamini. Kazi yake ni kuvizia. Hupanda hadi ncha ya jani la nyasi, akajishika kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ya mbele hewani. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo kinachonusa pumzi ya mnyama, jasho na joto la mwili. Ukipita ukaligusa jani, tayari keshahamia kwako.

Ukishaelewa hivyo, tahadhari nyingi zinajieleza zenyewe. Kupe hukaa wanakopita ng'ombe, mbuzi, swala na mbwa, na hupenda zaidi nyasi ndefu na vichaka vya pembeni mwa njia. Katikati ya njia iliyokanyagwa hadi udongo ukaonekana, huwa nadra. Kwa hiyo kwenye vilima vya Ngong, kwenye miteremko ya Meru au kwenye vijia vya Lushoto, anayetembea katikati ya njia ana nafuu kubwa kuliko anayekatiza malishoni. Na anayeketi kwenye nyasi kula chakula cha mchana anajipeleka mwenyewe.

Wapo kupe ambao hawangoji tu. Amblyomma, kupe wakubwa wenye madoadoa ya rangi wanaoonekana sana kwenye ng'ombe wa Afrika Mashariki na Kusini, wakinusa pumzi yako huanza kukufuata wakitembea ardhini. Ukisimama muda mrefu karibu na zizi au mahali mifugo inapopumzika, unawapa nafasi ya kukufikia.

Maisha ya kupe yana hatua nne: yai, lava mwenye miguu sita, tunutu (yaani kupe mchanga), na kupe mkubwa. Baada ya kutoka yaini, kila hatua inahitaji damu, na asipoipata anaweza kustahimili miezi mingi. Jike akishiba hudondoka chini na kutaga maelfu ya mayai mahali pamoja. Ndiyo sababu wakati mwingine mtu huona vitone vingi vya kahawia vikipanda kifundo cha mguu wake: amegusa jani walilokusanyika watoto wa jike mmoja. Usiwapanguse kwa kiganja, watatawanyika. Bandika selotepu juu yao, ibandue, uikunje na kuitupa.

Akishapata ngozi, kupe huikata na kuingiza mdomo wenye vijimiba vilivyogeukia nyuma. Mate yake hutia ganzi na kuzuia damu isigande, hivyo humsikii. Akiachwa ataendelea kunyonya kwa siku kadhaa. Vimelea huingia mwilini kwa njia ya mate hayo, na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mtembezi alishike: muda.

Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni unahusu ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambako watafiti walianza kuuchunguza mwaka 1975. Kwa kupe wa kule, bakteria wa ugonjwa huo mara nyingi huhitaji saa 24 au zaidi za kunyonywa ndipo wamfikie mtu. Msomaji wa Nairobi au Arusha akikutana na hesabu hiyo, anadhani anaweza kulala na kujikagua kesho. Hesabu hiyo si ya kwetu. Vimelea wa ndigana kali ya ng'ombe, ambao hawamwambukizi binadamu, ni kweli huhitaji siku kadhaa kupe akinyonya. Lakini Ehrlichia, bakteria anayewaua mbwa wengi huku kwetu, anaweza kumwingia mbwa ndani ya saa chache. Jikague siku hiyo hiyo, tena ikiwezekana mwisho wa njia, kabla hujapanda gari.

Mavazi ni jambo jepesi: suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, viatu vya kufunika, na nguo za rangi nyeupe au ya maziwa ili kupe aonekane akipanda. Dawa ya kufukuza wadudu ya kupaka ngozini, yenye DEET asilimia 20 hadi 30 au ikaridini, inasaidia kweli. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, hupuliziwa nguo na viatu, ikaachwa ikauke, haipakwi ngozini.

Ukirudi, oga mapema, na nguo uziloweke kwenye maji ya moto sana badala ya kuzitupia kitandani. Kisha jikague: kwapani, kinenani, kitovuni, mstari wa kiunoni, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na kwenye mzizi wa nywele. Watoto wakaguliwe na mtu mzima, kichwani hasa.

Ukimkuta ameng'ang'ania, tumia kibano chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, si tumboni. Vuta moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu, bila kupinda. Ngozi itainuka kidogo kisha itamwachia. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, kiache. Ngozi yenyewe itakisukuma nje. Osha mahali hapo kwa sabuni au spiriti. Mafuta ya taa, moto wa sigara, rangi ya kucha na mafuta ya mgando viacheni kabisa: vinamchokoza kupe, naye anaweza kutema alichonacho tumboni ndani ya kidonda. Wala asipasuliwe kwa kucha, awe wako au wa mbwa, kwa sababu homa ya Kongo-Crimea, ugonjwa hatari wa virusi, inaweza kumpata mtu kupitia damu na maji ya kupe aliyepondwa. Mtumbukize ndani ya spiriti.

Sasa mbwa. Yeye hupita kichakani kwa kifua na pua, kwa hiyo hubeba kupe wengi kuliko bwana wake. Hata kwenye msitu wa Karura, Nairobi, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa wamefungwa mkanda, mkanda mfupi unaomweka njiani ni kinga. Mkifika nyumbani, usimkague kwa macho peke yake, maana manyoya yanaficha. Pitisha vidole taratibu kinyume cha manyoya, na utakapogusa kijinundu kama punje ya choroko, fungua manyoya uangalie. Tazama ndani ya masikio, kwenye kope, chini ya ukosi, kwapani, chini ya mkia, na kati ya vidole vya miguu, ambako watu wengi hupasahau na kupe hupapenda mno.

Kuna vidonge, matone ya mgongoni na kola zinazoua kupe. Vidonge humuua kupe baada ya kuuma, kwa hiyo kumwona mmoja si dalili kwamba dawa imeshindwa. Dawa ipimwe kwa uzito wa mbwa, na kama amewahi kupata kifafa mwambie daktari wa mifugo kabla ya kumpa kidonge.

Mambo mawili yananiuma kila nikiyasikia. La kwanza ni kumpaka paka dawa ya mbwa yenye permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo; hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Hata mbwa akipakwa, mtenge na paka hadi akauke. La pili ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyokadiriwa kwa jicho, kwa sababu ipo na ni rahisi. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo za josho, ikizidi humlegeza mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na joto la mwili. Dawa za jamii ya ogano-fosfeti ni mbaya zaidi.

Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ya pekee: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, akitaga kwenye nyufa na nyuma ya mapazia. Ukimwona akipanda ukuta, kumtibu mbwa tu hakutoshi. Banda, matandiko na nyufa vinahitaji dawa pia.

Wanaolala safarini wamjue na papasi, kupe mwenye ngozi laini anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, hivyo asubuhi humkuti mwilini. Huleta homa ya papasi, inayokuja, ikaisha, ikarudi tena. Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hii nchini Kongo, aliugua akafa huko mwaka 1905. Usilale chini kwenye kibanda kikuukuu. Tumia kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Homa ya kupe ya Afrika, inayoletwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae, kwa kawaida huanza takribani wiki moja baada ya kuumwa: homa, kichwa kuuma, maumivu ya misuli ya shingo, mitoki iliyovimba, na kidonda kimoja au zaidi chenye kigaga cheusi. Inatibika vizuri kwa antibiotiki iitwayo doksisaiklini. Tatizo ni kwamba kwetu kila homa hudhaniwa malaria. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari ulitembea wapi na lini, na umwonyeshe hicho kigaga hata kama hakiumi. Kwa mbwa, dalili za kumkimbiza kwa daktari ni kukataa chakula, ufizi uliopauka au kuwa wa manjano, mkojo mweusi, na damu puani, hata kama zimepita wiki kadhaa tangu yale matembezi.