Gesi ndiyo ufunguo, komeo ndilo linalofunga

"Mzee, umesema bastola ile inaendeshwa kwa gesi. Basi gesi ndiyo inayoufunga mtutu?" Swali hili nililetewa juma lililopita na kijana anayesomea ufundi mitambo Mombasa, na si yeye wa kwanza kuniuliza. Jibu ni hapana. Lakini swali ni zuri mno, kwa sababu watu wengi wazoefu wa silaha huchanganya mambo mawili: kinachoshikilia mlango usifunguke, na kinachokuja kuufungua. Nilianza maisha ya kazi nikiwa mkerezaji wa vyuma, nikahamia karakana ya silaha huku Minnesota, Marekani, na mpaka leo kipande kinachonivutia kuliko vyote ndani ya bastola ni komeo. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Nikisema risasi hapa, namaanisha kitu kizima: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kitelezi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopigwa. Komeo ni kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, kikikaa dhidi ya kitako cha ganda. Na bastola ya gesi ni ile inayotumia sehemu ya gesi ya baruti iliyowaka kuendesha kazi yake.

Baruti ikiwaka, gesi husukuma pande zote. Mbele inakisukuma kichwa, nyuma inasukuma kitako cha ganda, na ganda linalisukuma komeo. Nguvu hiyo ya nyuma ni kubwa kiasi gani? Risasi ya .44 Magnum inaruhusiwa kufika paundi 36,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo tunalijaza upepo wa 30 hivi. Ganda la .44 lina kipenyo cha nje cha milimita 11.6 karibu na kitako. Zidisha eneo la duara hilo kwa kanieneo hiyo, utapata karibu tani 2.7 zinazoligonga komeo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 9mm Parabellum, ambayo kikomo chake ni paundi 35,000, unapata kama tani 1.9. Kwa .50 Action Express, yenye ganda la karibu milimita 13.9, unafika tani 3.8. Nimetumia kipenyo cha nje, kwa hiyo haya ni makadirio ya juu, lakini mpangilio ni huo. Tazama vizuri: kanieneo ndani ya risasi hizi tatu karibu ni ileile. Kinachoongeza mzigo juu ya komeo ni upana wa ganda. Jambo hili nimewaeleza wanafunzi wengi, na kila mara kuna mmoja anayerudi kwenye karatasi yake kuhesabu upya.

Bastola ndogo nyingi hazina komeo la kufunga kabisa. Makarov, kwa mfano, mtutu wake umekazwa kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, na kitelezi kinakaa nyuma yake kwa uzito wake na nguvu ya springi tu. Risasi yake haina ukali wa kuhitaji zaidi ya hapo. Kwa risasi nzito zaidi, John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, alitupa njia ambayo bastola nyingi za leo bado zinaifuata: mtutu na kitelezi vinashikana, vinarudi pamoja kwa milimita chache, halafu nyuma ya mtutu inainama chini na vinaachana. Colt ya 1911 inafanya hivyo kwa kiungo kinachobembea. Browning Hi-Power ya 1935 inafanya kwa mkato ulioinama chini ya mtutu. Hiyo ni kufunga kweli, lakini kinachofungua ni mrudio wa mtutu wenyewe, si gesi.

Hapa kuna jambo la historia linalonifurahisha. Bastola ya kwanza ya kujijaza ambayo Browning aliipeleka kwa kampuni ya Colt mwaka 1895 ilikuwa ya gesi. Juu ya mtutu, karibu na mdomo, kulikuwa na tundu. Gesi ikitoka ilipiga wenzo uliobembea kwenda juu na nyuma, na wenzo huo ndio ulioendesha kazi yote. Tarehe 20 Aprili 1897 alipewa hataza ya bastola hiyo, na siku hiyohiyo akapewa pia za bastola zake zilizofanya kazi kwa njia nyingine. Yeye mwenyewe aliendelea na mrudio, na dunia ikamfuata. Gesi ikabaki kwa bunduki ndefu kwa miongo mingi, kwa sababu nzuri: mtutu mrefu unatoa nafasi na muda, na bastola haina vyote viwili.

Muda ndio moyo wa habari hii. Ndani ya mtutu wa inchi 6, kichwa cha .44 Magnum kinamaliza safari yake kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya kipindi hicho komeo halitakiwi kuachia hata kidogo. Ganda la shaba limevimba, limebana kuta za chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Likivutwa wakati huo, ndoano ya kulitolea ganda inaweza kung'oa ukingo wake, au ganda likapasuka na gesi ikatoka upande ambao uso wako upo. Lakini komeo likichelewa kupita kiasi, gesi inakuwa imekwisha nguvu na kitelezi hakifiki nyuma. Mtengenezaji wa bastola ya gesi anatafuta dirisha jembamba kati ya hatari hizo mbili.

Sasa twende kwenye Desert Eagle, maana ndiyo bastola ya gesi yenye komeo la kufunga inayofahamika kuliko zote. Wazo lilianzia kampuni ya Magnum Research hapa Minnesota. Bernard C. White wa kampuni hiyo aliwasilisha ombi la hataza mwaka 1983, kisha Israel Military Industries wakaurekebisha muundo ukawa kitu kinachoweza kuzalishwa. Ilianza na .357 Magnum, .44 ikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja .50 Action Express.

Mtutu wake hausogei. Ni bonge la chuma lililokazwa kwenye fremu. Mbele kidogo ya chemba kuna tundu dogo. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani gesi ikitoka kwenye tundu hilo inalipiga komeo moja kwa moja kwa kuwa liko karibu. Sivyo. Gesi inaingia kwenye mfereji ulio chini ya mtutu na kwenda mbele, mpaka kwenye silinda iliyo karibu na mdomo. Pistoni ndogo iliyo mbele ya kitelezi imeingia ndani ya silinda hiyo. Gesi inaisukuma pistoni nyuma, na pistoni inakwenda na kitelezi chote. Hataza ya awali yenyewe inataja mfumo wa gesi wa bunduki ya Ruger Mini-14, ambako pia silinda imetulia.

Kwa maoni yangu safari hiyo ya kwenda mbele na kurudi ndiyo akili ya muundo wote. Tundu likiwa karibu na chemba, linapata gesi yenye nguvu hata kama mtutu ni mfupi. Lakini gesi hiyo haifanyi kazi papo hapo: lazima ijaze mfereji, ijaze silinda, kisha iuamshe uzito mkubwa wa kitelezi kilichotulia. Bastola nzima ya .50 ina karibu kilo 2 bila risasi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko juu, kwenye mtutu na kitelezi. Kitelezi kinapoanza kupata mwendo, kichwa cha risasi kimeshaondoka.

Komeo lenyewe ni duara, na mbele yake lina meno matatu. Ukiliweka kando ya komeo la bunduki ya M16 utaona ni ndugu, ingawa la M16 lina meno mengi zaidi. Meno hayo yanaingia kwenye nafasi zilizochongwa nyuma ya mtutu, komeo linazunguka kidogo, na meno yanakaa nyuma ya kuta za chuma. Kuanzia hapo zile tani mbili au tatu nilizozihesabu zinatoka kwenye kitako cha ganda, zinaingia komeoni, zinapita menoni na kurudi kwenye mtutu uleule zilikotoka. Fremu haibebi mzigo huo. Mkono wako unausikia mrudio tu. Ndiyo maana chuma cha komeo na cha mtutu ndicho kinachostahili uangalifu wako wote, kuliko vipande vingine vyovyote.

Kitelezi kinapoanza kurudi, mwanzoni komeo halisogei. Kisha pini iliyo kwenye komeo inafuata mkato uliopinda ndani ya kitelezi, na komeo linalazimika kuzunguka mpaka meno yatoke nyuma ya kuta. Hapo tu ndipo kitelezi kinalibeba kwenda nyuma, likivuta ganda. Pini nyingine ndogo inalizuia lisijizungushe likiwa njiani, kwa sababu likifika mtutuni na meno yamekaa upande, halitaingia. Wakati wa kurudi mbele, komeo linasukuma risasi mpya chembani, linagota mtutu na kusimama, lakini kitelezi kinaendelea mbele kidogo na kulizungusha lifunge. Ukitaka kuona kazi hii, hakikisha bastola haina risasi, toa magazini, kagua chemba kwa macho na kidole, kisha vuta kitelezi polepole sana. Usivute kwa kasi kama kwenye filamu. Vuta kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, na utaliona komeo likigeuka.

Kuna uamuzi mmoja wa hesabu nzuri kwenye .50 Action Express, iliyobuniwa na Evan Whildin mwaka 1988. Ganda ni nene, lakini ukingo wa kitako umekatwa uwe na kipimo cha ukingo wa .44 Magnum. Matokeo yake, kwenye Desert Eagle ya toleo la Mark XIX komeo lilelile linashika risasi zote mbili, na mwenyewe hubadilisha mtutu na magazini tu. Ila komeo hilo sasa linabeba tani 3.8 badala ya 2.7 kwa meno yaleyale matatu.

Wildey J. Moore wa Connecticut, Marekani, alichukua njia nyingine kwenye bastola yake ya gesi, Wildey. Komeo lake nalo linazunguka na lina meno matatu, lakini pistoni yake ni pete inayouzunguka mtutu. Gesi inatoka kwenye matundu madogo, inaisukuma pete nyuma umbali mfupi, nayo inakigonga kitelezi. Zaidi ya hapo, mpigaji anaweza kugeuza kola iliyo mbele ili aongeze au apunguze gesi kulingana na risasi anayotumia. Ni wazo ninaloliheshimu, kwa kuwa linakiri kwamba dirisha la muda halifanani kwa kila risasi.

Ili uone kwamba komeo na gesi ni mambo mawili tofauti, chukua Auto Mag ya mwaka 1971. Ina komeo la kuzunguka lenye meno, kama hizi mbili, ila linafunguliwa kwa mrudio wa mtutu. Kisha chukua Heckler & Koch P7 ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo ina gesi, ila haina komeo la kufunga hata moja! Gesi inatoka mbele ya chemba na kuingia kwenye silinda chini ya mtutu. Pistoni iliyounganishwa na kitelezi iko ndani, na gesi inaisukuma mbele wakati kitelezi kinataka kurudi nyuma. Gesi inakuwa kizuizi, si ufunguo. Kanieneo ndani ya mtutu ikishuka, na kizuizi kinalegea. Wajerumani walikuwa wamejaribu wazo la jamii hiyo kwenye bunduki ya VG 1-5 mwaka 1945, na Steyr GB ya Austria ikalifuata. Kijana wangu wa Mombasa, kama ulikuwa unaifikiria P7, basi hukukosea sana: humo gesi kweli ndiyo inayochelewesha mlango. Gharama yake ni joto. Silinda iko juu tu ya kidole cha kufyatulia, na ukipiga magazini kadhaa mfululizo chuma kinachoma. P7M8 iliongezewa kinga ya joto mahali hapo hapo.

Nirudi karakanani. Bastola ya gesi ikiletwa kwangu na malalamiko ya kukwama, huanza na kuuliza aina ya risasi. Kampuni inaonya usitumie vichwa vya risasi nyeusi tupu (hapa namaanisha ile metali laini iitwayo risasi), visivyovikwa shaba, kwenye Desert Eagle, na onyo hilo lina maana. Metali hiyo hukwanguliwa, vipande vinaingia kwenye tundu la gesi na kuganda kwenye mfereji ambao huwezi kuufikia kwa brashi. Mteja mmoja aliniletea ya kwake baada ya kununua kwa bei nafuu boksi kadhaa za namna hiyo. Kitelezi kilikuwa kinarudi nusu njia na kusimama. Komeo lilikuwa zima kabisa. Ufunguo ndio haukufika.

Baada ya hapo nalitazama komeo. Napaka rangi ya bluu ya fundi nyuma ya meno yote matatu, nafunga polepole, nafungua, na kuangalia rangi imeondoka wapi. Ikiondoka sawa kwa matatu, mzigo unagawanyika. Ikiondoka kwa mawili na la tatu likabaki na bluu yake yote, mawili hayo yanabeba kazi ya matatu, na nitatafuta sababu kabla silaha hiyo haijarudi mikononi mwa mtu. Natazama pia mzizi wa kila jino kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa ufa wa chuma huanzia kwenye kona, pale jino linapokutana na mwili wa komeo. Ufa wa unene wa unywele unatosha. Komeo hilo halitengenezwi wala halichomelewi. Linatupwa, na mwenyewe anaagiza jipya.