Kijiti Hupokewa kwa Sikio

Kila nikiingia uwanja wa Tononoka na kijiti changu cha mbio za kupokezana, hakosi mtoto wa kuniuliza nimekuja kutengeneza bomba gani. Ana haki. Ni kipande cha paipu ya plastiki nilichokikata kwa msumeno, sentimita 30, urefu wa mwisho unaoruhusiwa.

Sisi wa Mombasa tuna la kuringia katika mbio fupi. Seraphino Antao, Mgoa (asili yake Goa, India) aliyezaliwa hapa hapa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kule Perth mwaka 1962, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Joto la Perth mwaka ule liliwatesa wengi. Kwa mtu wa pwani, nadhani, lilikuwa kama la nyumbani. Mwaka 1964 akabeba bendera ya Kenya huru kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Lakini Antao alikuwa mmoja, na kupokezana kunataka wanne. Vijana huniuliza: mbona Kenya ilipata fedha Mexico mwaka 1968 (baba yake David Rudisha alikuwemo) na dhahabu Munich mwaka 1972 kwa Asati, Nyamau, Ouko na Sang, tena zote katika mita 400 mara nne, na kwenye mita 100 mara nne hatujaonja kitu cha Olimpiki?

Kasi ni sehemu tu ya jibu. Kwenye 400 anayeleta kijiti huwa kaishiwa, miguu mizito. Mpokeaji humgeukia, humtazama, hukinyakua mwenyewe. Wanne wenye pumzi, hata wakikutana wiki ile ile ya mashindano, watafika. Kwenye 100 hakuna kutazama nyuma. Unapima nyayo zako, mimi huanza na 25, unaweka alama. Mwenzako akiikanyaga, unaondoka kwa nguvu zote. Ukisikia "Mkono!" unaurudisha nyuma, kiganja wazi, na macho mbele. Eneo la kupokezana ni mita 30, na kinachohesabiwa ni kijiti kilipo, si mwili wako. Wa kwanza hukishika kwa mkono wa kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, ili pasiwe na kubadilisha mkono njiani.

Faida yake? Jamaika walikimbia kwa sekunde 36.84 London mwaka 2012. Gawanya kwa nne: 9.21. Usain Bolt wao mwenyewe, akikimbia mita 100 peke yake, hakuwahi kushuka chini ya 9.58. Siri ni kwamba watatu kati yao hupokea wakiwa tayari mbioni.

Nami nimeonja upande wa pili. Nilikuwa wa tatu katika timu yetu, nikaondoka mapema, hatua mbili tu. "Mkono!" ikaja kwa mbali, nikaurudisha, ukashika upepo. Nikapunguza mwendo kumsubiri, akanikanyaga kisigino, kiatu kikabaki nyuma. Kijiti tulikipokezana nje ya eneo, tukafutwa.

Siku hizi alama zetu ni ndara. Juzi kijana wangu wa nne alisimama akingoja mwenzake aikanyage alama, mwenzake akampita akipiga kelele "Mkono! Mkono!" Kumbe mwenye ndara alikuwa ameshazivaa, kaenda kununua viazi karai.