Ndama mwekundu ni wa nani? Dhana potofu kuhusu kupima wazazi wa ng'ombe kwa vinasaba

"Mbegu ilikuwa ya Friesian mweusi na ng'ombe wangu ni mweusi, iweje ndama awe mwekundu? Mhimilishaji kanidanganya!"

Huenda hakudanganya. Weusi huufunika wekundu, kwa hiyo jike na dume weusi wanaweza kuwa wamebeba kinasaba cha wekundu kisionekane. Wakikutana wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa ndama mwekundu.

"Tarehe ninazo kwenye daftari, kipimo cha nini?"

Tuseme ng'ombe kahimilishwa, yaani kapandikizwa mbegu ya dume kwa mrija, tarehe 3 Machi. Tarehe 24 akapata joto tena, akapandwa na dume la jirani. Ndama akazaliwa 22 Desemba. Mimba huchukua siku 283 hivi. Kwa mbegu ya mrija amechelewa siku 11, kwa dume la jirani amewahi siku 10. Daftari limenyamaza. Hapo ndipo DNA inapohitajika.

"DNA hutaja jina la baba."

Haitaji, inachuja. Kwenye kila alama ya kinasaba ndama ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala hizo huandikwa kwa herufi za DNA, kama A au G. Dume mwenye A mbili hawezi kumzaa ndama mwenye G mbili mahali hapohapo. Mgongano mmoja unaweza kuwa kosa la maabara, lakini ikigongana mingi, dume huyo anatoka kwenye orodha. Seti ya alama za SNP (mahali ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana kati ya mnyama na mnyama) ya shirika la kimataifa la jenetiki ya wanyama, ISAG, ina alama 100 za msingi na 100 za nyongeza. Washukiwa wakiwa ndugu wa baba na mama mmoja, alama chache hazitoshi kuwatenganisha. Na baba halisi asipopimwa wala kuwemo kwenye kumbukumbu za maabara, utaambiwa tu nani siye. Sampuli ya mama nayo husaidia sana, ingawa wengi huisahau.

"Damu ndiyo sampuli ya uhakika."

Kwa pacha, hapana. Tumboni mwa ng'ombe mishipa ya mapacha huungana na damu zao kuchanganyika (ndiyo maana jike aliyezaliwa pacha na dume kwa kawaida huwa tasa). Damu ya mmoja inaweza kubeba seli za mwenzake. Afadhali nywele za ncha ya mkia. Zing'olewe kwa mkono, utazame kama kila unywele una kitumba cheupe mwishoni. Ukikata kwa mkasi, mzizi unabaki mkiani, na mzizi ndio unaotafutwa.

"Akithibitishwa ni binti wa dume bora, maziwa tayari."

Kipimo hiki ni cha ukoo. Maziwa yana mambo yake, malisho yakiwemo.

"Hayo ni ya Wazungu wenye ng'ombe mia."

Hata huko makosa yapo: Uingereza, kwenye vitabu vya ukoo, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta karibu ng'ombe mmoja kati ya kumi kaandikiwa baba asiye wake. Kwetu, dume moja likihudumia kijiji kizima miaka mitano, ni rahisi kumpanda binti yake bila mtu kujua.

Kwa hiyo mrija mtupu wa mbegu usitupwe. Jina au namba ya dume imechapishwa ubavuni. Ubandike kwenye daftari, kando ya tarehe.