Yossarian si mwoga: yanayosemwa vibaya kuhusu Catch-22

Dhana: Joseph Heller aliiandika riwaya ya Catch-22 kupinga vita vya Vietnam.

Tarehe zinakataa. Sura ya kwanza ilitoka 1955, riwaya nzima 1961, na vikosi vya kwanza vya mapigano vya Marekani viliingia Vietnam 1965. Vijana waliogomea vita hivyo ndio walioifanya yao. Hadithi yenyewe iko Italia mwaka 1944, katika kikosi cha ndege za mabomu cha Marekani kwenye kisiwa cha Pianosa, ila mishale mingi inawalenga Wamarekani wa miaka ya 1950. Kapteni Black, afisa wa kikosi hicho, anawalazimisha wanajeshi kutia saini kiapo cha uaminifu kabla ya kupewa parachuti, kabla ya kulipwa mshahara, hata kabla ya kunyolewa. Enzi hizo huko Marekani walimu na watumishi wa serikali waliapishwa kweli, kwa hofu ya ukomunisti.

Dhana: Yossarian, mhusika mkuu, ni mwoga tu.

Hii ndiyo inayonikera. Kule Ferrara, mji wa Italia, akiwa mlenga mabomu, hakuyaachia mara ya kwanza, akazirudisha ndege zake juu ya daraja mara ya pili. Daraja likavunjika, lakini Kraft, mwanajeshi wa kikosi chake, na wenzake wakafa. Wakubwa walipokosa namna ya kuificha aibu hiyo, wakampa medali na ukapteni!

Anachokipinga ni kamanda wake, Kanali Cathcart, ambaye kila askari wakikaribia kutimiza idadi ya safari za mashambulizi, anaipandisha: 40, 50, 60, mpaka 80. Kanali anautaka ujenerali, na anatamani aandikwe katika gazeti la Saturday Evening Post. Na mwishoni, yeye na msaidizi wake, Kanali Korn, wanamfungulia Yossarian mlango: arudi nyumbani kama shujaa, mradi tu awapende na kuwasifia. Anakubali, kisha anaghairi, kwa sababu wenzake wataendelea kurushwa. Mwoga angepanda ndege siku ileile.

Dhana: Catch-22 ni sheria ya jeshi.

Wengi wanakijua kile kipande cha Daktari Daneeka: kichaa hatakiwi kuruka, kinachohitajika ni aombe tu kupumzishwa, na akiomba ameonyesha kuwa ana akili timamu, basi arudi angani. Wanacheka, wanaishia hapo.

Ukali uko kwingine. Makao makuu yanadai safari 40 tu, na Yossarian keshafikisha 48, basi anauliza kwa nini asiende kwao. Daneeka anamjibu kuwa kanuni hazisemi lazima urudi nyumbani, zinasema lazima utii kila amri. Hata kama kanali mwenyewe amekaidi makao makuu, ukigoma kuruka wewe ndiye mkosaji.

Halafu Roma. Polisi wa jeshi wamewatimua wasichana wa danguro, kabaki bibi kizee mmoja. Anamwambia Yossarian kuwa walitaja Catch-22, yaani wana haki ya kufanya lolote ambalo hamwezi kuwazuia. Walikuonyesha hiyo sheria? La, sheria inasema si lazima waionyeshe. Sheria ipi? Catch-22. Hapo ndipo Yossarian anaposadiki kwamba kitu hicho hakipo kabisa, na kutokuwepo kwake ndiko kunakoifanya isishindike: hakuna karatasi ya kuchana, hakuna kifungu cha kupeleka mahakamani. Aliyewahi kuambiwa "ndio utaratibu" na karani asiye na waraka wowote mkononi anaijua sauti hiyo.

Dhana: Heller alikuwa akilipiza kisasi kwa makamanda wake.

Alikuwa mlenga mabomu kweli, akaruka safari 60 akitokea Corsica. Lakini alisema hakuwahi kuwa na afisa mbaya. Cathcart ni wa kubuni.

Dhana: Kutorokea Sweden ni kukimbia majukumu.

Mwishoni Yossarian anaamua kutorokea huko. Orr, rubani mwenzake, ndiye aliyetangulia, kwa mtumbwi wa mpira. Kumbe zile ajali zake zote za kutua baharini, ambazo wenzake walizichukulia kuwa ni mkosi, zilikuwa mazoezi! Habari hiyo ndiyo inayomtia Yossarian moyo. Hata hivyo haendi Sweden moja kwa moja. Anataka kupitia Roma kwanza, akamtafute mdogo wake yule kahaba aliyependwa na rafiki yake Nately, mtoto aliyeachwa bila makao siku ya msako, aondoke naye. Dada mtu mwenyewe bado anamwinda Yossarian kwa kisu.