Kikatizo kimoja, miteremko mingi: dhana potofu na ukweli

Hapa tunachora mstari mmoja wa y dhidi ya x kwa kila kundi la data. Kikatizo ni thamani ya y pale x ikiwa sifuri; mteremko ni kiasi y inavyobadilika x ikiongezeka kwa moja.

Dhana: "Nimetoa wastani wa x kwenye kila thamani ya x, hilo halibadilishi kitu."

Watafiti wameniambia hivi hadi nimechoka. Ni kweli pale kila kundi linapokuwa na kikatizo chake na mteremko wake: ukisogeza sifuri, vikatizo vinabadilika lakini mistari inabaki palepale. Ukiyapa makundi yote kikatizo kimoja, umeshaamua kwamba mistari yote inakutana x ikiwa sifuri. Hamisha sifuri, na makutano yamehama. Hiyo ni modeli nyingine, yenye makadirio mengine na masalio mengine (umbali wa data kutoka kwenye mstari).

Chukua y = 10 + 2x na y = 10 + 3x. Toa 20 kwenye x. Kwenye sifuri mpya mstari wa kwanza uko 50, wa pili 70. Kikatizo kimoja kitaitoshaje yote miwili? Programu haitalalamika, itakupa namba tu. Kugeuza kilomita kuwa mita hakuna neno, maana sifuri ni ileile. Kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti ni balaa: sifuri ya huku ni 32 ya kule.

Kwa hiyo, kabla hujanitumia data, niambie sifuri yako ina maana gani. Ukilinganisha dawa mbili kwa dozi, inayo: dozi sifuri ya dawa hii na dozi sifuri ya ile ni kitu kimoja, yaani hakuna dawa. Ukiweka mwaka wa kalenda kuwa x, mwaka sifuri unakuhusu nini?

Dhana: "Nitakokotoa kila kundi peke yake, kisha nichukue wastani wa vikatizo."

Hapana. Kila mteremko ulikadiriwa sambamba na kikatizo chake. Ukikibadilisha, nao ukadiriwe upya. Kadiria vyote kwa mpigo. Kwenye R, programu ya takwimu, andika y ~ x:kundi: kikatizo kimoja, mteremko kwa kila kundi. Ukiandika y ~ x*kundi, umerudi kwenye vikatizo tofauti.

Dhana: "Mteremko wa kundi A una thamani ya p ndogo (hauelekei kuwa wa bahati tu), wa B hauna, basi miteremko hiyo inatofautiana."

Pima tofauti yenyewe.

Dhana: "Kikatizo kimoja hakiwezi kupimwa."

Kinapimwa kwa jaribio la F dhidi ya modeli ya vikatizo tofauti, yaani kuona kama vikatizo vya ziada vinapunguza masalio vya kutosha. Kwa makundi manne ni vigezo 5 (kikatizo kimoja, miteremko minne) dhidi ya 8. Na tafadhali, kundi liwe faktori, yaani R ilichukue kama jina, si kiasi: ukiliacha kama namba 1, 2, 3, R itazizidisha na x na kukurudishia mteremko mmoja tu.